Kabla ya Yordani Kulikuwa na Mabirika

Ubishi wa maji ulianza kabla basi halijamaliza kupanda kutoka uwanja wa ndege wa Ben Gurion kwenda Yerusalemu. Msafara wetu ulikuwa wa Watanzania wa madhehebu mchanganyiko: Walutheri wa Tanga na Moshi, Wakatoliki wachache, na kundi kubwa la Wapentekoste wa Mbeya ambao wengi wao walikuwa wamedunduliza pesa za safari kwa jambo moja tu, kuzamishwa katika Mto Yordani. Kijana mmoja wao alikaa nyuma yangu. Akaniuliza nilibatizwa lini. Nikamwambia nilikuwa na miezi mitatu. Akacheka kwa adabu: "Basi, mzee wangu, wewe bado. Kunyunyiziwa si kubatizwa." Mama wa Kikatoliki aliyeketi upande wa pili akadakia, "Mwanangu, Mungu hapimi kwa ndoo." Mchungaji aliyetuongoza aliona moto unakolea, akaanzisha pambio, na makofi yakafunika maneno.

Kwetu ubishi huu hauna msimu. Umevunja uchumba, umehamisha watu makanisa, umefanya ndugu wa tumbo moja wasihudhurie ubatizo wa watoto wa wenzao. Wa maji mengi na wa maji kidogo hufungua Injili ukurasa ule ule wa Yohana Mbatizaji, na wote huanza kana kwamba Yohana alizuka tu jangwani siku moja akavumbua jambo ambalo hakuna Myahudi aliyepata kulisikia. Safari ile ya Februari 2023 ilinionyesha kwa macho kwamba waliomwendea Yohana walikuwa watu waliozoea kushuka majini tangu ujana wao. Walijua maji yapi yanafaa na yapi hayafai. Kilichowashtua kwa Yohana kilikuwa kitu kingine.

Asubuhi ya kwanza Yerusalemu ilikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole. Mwongoza watalii wetu alikuwa mama wa Kiyahudi, mzaliwa wa Haifa, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Alitupitisha Ukuta wa Magharibi, kisha akatuingiza katika eneo la machimbo ya kale upande wa kusini wa Mlima wa Hekalu, ambako Benjamin Mazar na wenzake walianza kuchimba mwaka 1968. Mawe makubwa ambayo Warumi waliyaporomosha mwaka 70 bado yamelala juu ya barabara waliyoivunja. Wenzangu walikimbilia zile ngazi pana zilizokuwa zikipandisha mahujaji kwenye malango ya Hekalu. Ni mahali pazuri pa picha, na ni pahala ambapo mtu anaweza kusema bila aibu kwamba huenda Yesu alikanyaga. Mama wa Haifa aliwaacha wapige picha wakatosheka, kisha akatuita chini kidogo, kwenye tundu ambalo hakuna aliyekuwa amelitazama.

"Ingieni mmojammoja," alisema, "na shikeni ukuta, kunateleza."

Nilishuka. Kwanza kuna mlango mfupi uliochongwa kwenye mwamba, unaomlazimisha mtu mrefu kuinama. Kisha ngazi, pana kiasi cha kukanyaga kwa miguu yote miwili, zinashuka hadi kwenye shimo ambalo likijazwa maji yangemfika mtu kifuani. Kuta zimesiribwa kwa lipu ya kijivu, ngumu mpaka leo, na ukiipapasa unahisi vikokoto vidogo chini ya vidole. Katikati ya ngazi, toka juu hadi karibu na chini, umepita mwinuko mdogo kama tuta, usiozidi kimo cha kifundo cha mguu. Nilidhani ni wa kuzuia watu wasiteleze. Mama wa Haifa akaeleza: anayeshuka anapita upande mmoja akiwa najisi, na anayepanda anapita upande wa pili akiwa safi, wasigusane wala mtu asikanyage alipokanyaga mwanzo. Hilo ndilo birika la tohara la Wayahudi, ambalo wao huliita mikveh. Mamia ya mabirika ya namna hii yamefukuliwa katika nchi hiyo, mengi yakiwa ya karne ile moja na ushei kabla ya Yesu hadi kuangushwa kwa Hekalu. Yamejazana kuuzunguka mlima kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kupanda Hekaluni bila kuoga, na wakati wa Pasaka, Sikukuu ya Majuma na Sikukuu ya Vibanda mji ulifurika watu.

Hapa Mkristo wa bara huweza kupotea, ila mtu wa mwambao huelewa upesi. Najisi inayotajwa katika Mambo ya Walawi 12 na 15 na Hesabu 19 haihusiani na uchafu wa jasho, na mara nyingi haihusiani na dhambi. Mwanamke akizaa anakuwa najisi, na kuzaa ni baraka. Mtu akimzika baba yake anakuwa najisi, na kumzika baba ni wajibu. Ni hali inayomzuia mtu kukaribia patakatifu mpaka atakapooga kwa utaratibu, na mara nyingine mpaka jua lizame au siku saba zipite. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwislamu wa Pangani na alifia Uislamu, ingawa binti yake alibatizwa alipoolewa. Alipokuwa akisema mtu ana janaba hakumaanisha kwamba ni mwovu. Alimaanisha kwamba asiguse msala kabla ya josho. Mama wa Haifa alipoanza kueleza masharti ya mikveh, kwamba mwanamke huvua pete, huondoa rangi ya kucha, huchana nywele zisiwe na fundo, na kwamba hata unywele mmoja ukielea nje ya maji sharti azame tena, nilikuwa najua sentensi itakavyokwisha kabla hajaimaliza. Maji lazima yaufikie mwili wote.

Kuna sharti moja lakini ambalo bibi hakuwa nalo, nalo ndilo lililonikamata. Maji ya mikveh hayachotwi. Hayaletwi kwa ndoo wala mtungi. Yawe ya chemchemi, au ya mvua iliyojiendea yenyewe kutoka mapaani na kwenye miamba hadi birikani. Kipimo cha chini walichoweka marabi ni sea 40, ambazo kwa hesabu moja inayotumika sana ni takribani lita 750. Yakifika kipimo hicho, ndipo maji mengine yanaweza kuongezwa. Kwenye jangwa la Yudea, ambako mvua hunyesha miezi michache, watu walichonga mifereji mirefu ili wasivunje sharti hilo. Na mpaka leo liko hivyo. Jioni ile tulipita karibu na jengo moja la kawaida kabisa katika mtaa wa makazi, lenye taa mlangoni na mwanamke mmoja akitoka na taulo begani. Ndani, tuliambiwa, kuna bwawa dogo lenye maji ya bomba ya vuguvugu, na ubavuni mwake, nyuma ya ukuta, kisima cha maji ya mvua. Kati ya hivyo viwili kuna tundu. Maji ya bomba yakigusana na ya mvua kupitia tundu hilo, yanahesabiwa kuwa sawa nayo. Nilimwona mama wa Kikatoliki akitabasamu peke yake. Kumbe wapo wanaopima, na kwa makini kuliko ndoo!

Kabla ya hapo, siku ile ile, katika mtaa wa Wayahudi, chini ya nyumba za leo, tuliingia kwenye jumba la makumbusho lililojengwa juu ya makazi ya matajiri wa wakati wa Herode, wanaodhaniwa kuwa familia za makuhani. Nahman Avigad aliyafukua kuanzia 1969. Sakafu zina michoro ya vijiwe, na mabirika ya tohara yako humo humo ndani. Kilichonivuta zaidi ni mitungi mikubwa ya mawe iliyochongwa kwa jiwe la chokaa. Kwa sheria yao chombo cha udongo kikinajisika huvunjwa, ila cha jiwe hakishiki najisi. Ile mitungi sita ya mawe kwenye arusi ya Kana, ambayo Injili ya Yohana inasema iliwekwa kwa desturi ya Wayahudi ya kutawadha, haikuwa pambo la hadithi. Ilikuwa vyombo vya kila siku katika nyumba yenye kujali sheria.

Mchungaji wetu akauliza swali ambalo nadhani huulizwa na kila msafara: siku ya Pentekoste watu 3,000 walibatizwa wapi, katika mji usio na mto? Mama wa Haifa akaonyesha kwa mkono kuelekea kusini, kwenye mabirika tuliyotoka na, mbele zaidi, bwawa la Siloamu. Bwawa lile, ambalo Injili inasema kipofu alitumwa kunawa macho, lilipatikana mwaka 2004 baada ya mafundi kukarabati bomba la maji machafu na kugonga ngazi za mawe. Ronny Reich na Eli Shukron ndio waliolifukua. Hakuna maandishi yanayosema kwamba wale 3,000 walizamishwa humo. Ila aliyedai kwamba Yerusalemu haukuwa na maji ya kutosha, na kwa hiyo lazima walinyunyiziwa, hawezi tena kuisimamia hoja hiyo. Kijana wa Mbeya aligeuka akanitazama. Nilikubali kwa kichwa. Haki yake.

Tukiwa tunakunywa chai, nilimwuliza yule mama kama Wayahudi walikuwa wakimzamisha mtu kwa sababu nyingine zaidi ya najisi. Akasema ndiyo: mtu wa mataifa anayetaka kuwa Myahudi. Mwanamume hutahiriwa, kisha huzama; mwanamke huzama; na Hekalu lilipokuwepo, walitoa na sadaka. Katika Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, upo ubishi kati ya shule ya Hillel na shule ya Shammai juu ya mtu aliyeongoka siku moja kabla ya Pasaka: je, azame tu na kula mwanakondoo jioni ile, au asubiri? Talmud ya Babeli, ambayo ni maelezo marefu juu ya Mishna, inaeleza jinsi kuongoka kunavyofanyika. Wenye elimu husimama kando yake akiwa ndani ya maji na kumsomea baadhi ya amri, nyepesi na nzito, ili ajue anachokiingia. Akizama na kutoka, ni Myahudi kwa kila hali, na pengine wanasema ni kama mtoto aliyezaliwa siku hiyo. Wataalamu wanabishana kama desturi hii ilikuwa imekamilika kabla ya Yohana au ilikomaa baadaye. Hata hivyo, nikimsoma sasa Nikodemo, mwalimu wa Israeli, akiulizwa inakuwaje hajui habari ya kuzaliwa kwa maji, naona aibu yake kuliko zamani.

Siku iliyofuata tuliteremka jangwani. Barabara inaanza karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari na katika muda usiofika saa moja iko mita mamia chini yake. Masikio yanaziba, makoti yanavuliwa, na kando ya barabara, kwenye jiwe linaloonyesha usawa wa bahari, Bedui mmoja anakodisha ngamia kwa ajili ya picha. Tulisimama Qumran, juu ya Bahari ya Chumvi, ambako magombo ya kale yalianza kupatikana mapangoni mwaka 1947. Magofu yenyewe ni madogo kuliko umaarufu wake. Lakini jamii ndogo ile, katika pahala pakavu vile, ilichonga birika baada ya birika! Moja lina ngazi zilizopasuka kwa ufa mrefu, upande mmoja umezama chini kuliko wa pili. Roland de Vaux, padri Mfaransa aliyechimba hapo miaka ya 1950, aliuhusisha na tetemeko la mwaka 31 kabla ya Kristo. Kanuni ya jamii yao, mojawapo ya magombo ya mwanzo kupatikana, inaweka wazi jambo ambalo Wakristo wengi hudhani ni letu peke yetu: asiyeugeuza moyo wake hatakaswa hata akiingia bahari na mito. Wayahudi walikuwa wamekwisha kulijadili hilo. Wapo wanaosema Yohana alilelewa Qumran. Ushahidi haupo, na mimi siuhitaji. Inatosha kwamba alihubiri mwendo wa saa chache kutoka hapo, kwa watu waliokuwa wakisikia mambo ya namna hiyo.

Basi Yohana aliongeza nini? Watu wa Qumran walizama kila siku, na kila mtu alijizamisha mwenyewe. Katika mikveh hadi leo mtu hujizamisha. Aliye pembeni ni shahidi. Yohana alizamisha watu kwa mikono yake, ndiyo maana akapewa jina la Mbatizaji. Tena aliwaita Wayahudi, watoto wa Ibrahimu wenye agano, washuke majini kama vile nao wanaingia upya. Hilo ndilo lililowauma wakubwa. Na aliwapeleka kwenye mto ambao Yoshua alivuka na taifa, ambao Eliya aliuvuka siku ya kuchukuliwa, ambamo Naamani Mshami alizama mara saba. Kila Myahudi aliyesimama ukingoni alijua alipo. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo hiyo, katika kitabu cha 18 cha Mambo ya Kale ya Wayahudi, anamtaja Yohana kwa heshima, anasema kuzamishwa kwake kulikuwa kwa ajili ya mwili baada ya roho kutakaswa kwa haki, na kwamba Herode alimwua kwenye ngome ya Machaerus kwa kuhofia umati uliomfuata.

Tulifika Qasr al-Yahud, mashariki mwa Yeriko, jua likiwa kichwani. Huko ndiko upande wa magharibi wa mahali pa ubatizo wa Yesu. Upande wa pili, nchini Yordani, ni Al-Maghtas, iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Upande wa magharibi ulifungwa baada ya vita vya 1967, ukajazwa mabomu ya ardhini, na umma ukaruhusiwa tena mwaka 2011. Makanisa madogo yaliyokuwa yameachwa na watawa yakategwa mabomu yalianza kusafishwa mwaka 2018, na Januari 2021 Wafransisko walisoma misa katika kanisa lao kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 50. Njia ya kushukia mtoni bado ilikuwa na senyenge na vibao vya hatari.

Nani alitarajia mto mdogo hivi? Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, ng'ambo ni jirani kiasi kwamba unaweza kumsalimia askari wa Yordani bila kupaza sauti, na yupo, na bunduki yake, kama alivyo mwenzake wa Israeli upande wetu. Katikati kamba imepita kama mpaka. Sehemu kubwa ya maji ya mto huu leo huchukuliwa juu huko, kwa mabwawa na mabomba ya Israeli, Yordani na Syria, kabla hayajafika hapa. Wayahudi wanaohesabu maji yaliyo hai, yaani yanayotiririka yenyewe, kuwa bora kuliko yote wangesikitika kuyaona haya. Mama wa Kikatoliki alijaza chupa yake ya nusu lita, akaifunga, akaikagua kwenye mwanga, akasema atachuja.

Wapentekoste walivaa kanzu nyeupe za kukodi, wakaimba, wakaingia wawili wawili. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kumkatisha mtu sauti. Mchungaji alikuwa na busara: kwa waliokuwa wamekwisha kubatizwa alisema, "Hii ni kumbukumbu," na kwa wawili ambao walikuwa bado, alisimama nao muda mrefu majini akiwauliza maswali ya imani moja moja huku meno yao yakigongana. Nilifikiria wale wazee wa Talmud, wakimsomea amri mtu aliyesimama majini. Mimi niliingia mpaka magotini na suruali imekunjwa, nikanawa uso. Sikuona sababu ya kubatizwa mara ya pili, na hakuna aliyenishurutisha.

Pembeni yetu walikuwa mahujaji wa Kiorthodoksi kutoka Urusi, wengi wao wanawake watu wazima. Hawakuimba. Bibi mmoja aliyevaa kanzu ndefu ya pamba alifanya ishara ya msalaba, akajizamisha, akainuka, akajizamisha tena, mara tatu, kisha akatoka akaikamua kanzu yake taratibu na kuikunja kwenye mfuko wa plastiki. Mwongoza watalii wetu akatunong'oneza kwamba kanzu ile hataifua wala hataivaa tena. Ataihifadhi mpaka siku atakapokufa, azikwe nayo. Ni desturi yao ya zamani.

Kijana wa Mbeya, mwili mzima ukimtetemeka, aliuliza kwa nini. Hakukuwa na haja ya kumjibu kwa hotuba, maana jibu analo kwenye Biblia yake, Warumi 6: waliobatizwa katika Kristo walizikwa pamoja naye. Hapo ndipo njia ya Wakristo ilipoachana na ya birika la kusini mwa Hekalu. Anayepanda kutoka mikveh amerudishiwa usafi wake, na atashuka tena mwezi ujao, au msiba ujao. Paulo, Farisayo aliyekuwa ameshuka kwenye mabirika hayo pengine mara zisizo na idadi, alisema kuna kushuka ambako mtu harudii kwa kuwa aliyeshuka amekufa. Yesu mwenyewe alikuwa ameanza kusema hivyo alipowauliza wana wa Zebedayo kama wataweza kubatizwa ubatizo wake, akimaanisha msalaba. Katika karne ya 4, Kirilo, askofu wa Yerusalemu, alikuwa akiwakumbusha waliobatizwa usiku wa Pasaka, hatua chache kutoka kaburi la Yesu, jinsi walivyoelekea magharibi kumkana Shetani, wakageukia mashariki, wakavua nguo, wakapakwa mafuta na kuzama mara tatu kwa ajili ya siku tatu za kaburi. Walikuwa wamefundishwa kwanza Kwaresima nzima.

Msafara uliporudi nyumbani mimi nilibaki kidogo, nikapanda basi la abiria kutoka Beer Sheva kuelekea Mitzpe Ramon, nikashukia Avdat. Ni mji wa Wanabatayo, Waarabu wa kale wa jangwani, juu ya kilima katika jangwa la Negev, uliokuja kuwa wa Kikristo wakati wa Bizanti. Mvua ya huko kwa mwaka mzima haifiki hata ile ya wiki moja nzuri ya masika Tanga. Katika kanisa la kaskazini kuna kisima cha ubatizo kilichochongwa kwa umbo la msalaba, chenye vidato vya kushukia. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake. Kando yake kabisa kuna kisima kingine kidogo, ambacho waliochimba wanakieleza kuwa cha watoto wachanga. Nilikaa hapo muda, upepo ukinipigia mchanga machoni, nikitamani basi zima la ubishi wetu lingekuwepo. Viwili hivyo viko jirani, katika kanisa moja.

Nadhani swali letu lilijibiwa mapema kuliko hapo. Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo ambacho wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, kinaagiza kubatiza katika maji yaliyo hai; yasipokuwepo, maji mengine; ya baridi yasipowezekana, ya vuguvugu; na kama yote ni haba, kumimina kichwani mara tatu. Ukishajua mikveh unaona kitu ambacho msomaji wa kawaida anakiruka. Walioandika hivyo wanayajua masharti ya Kiyahudi ya maji vizuri kabisa, wanaanzia palepale, kwenye maji yanayotiririka, na wanalegeza daraja kwa daraja. Kijana wa Mbeya ana haki: kuzama ndiyo kawaida ya kwanza. Mama wa Kikatoliki naye ana haki, maana tangu mwanzo kanisa halikumfungia mlango mtu kwa sababu ya uhaba wa maji. Ambacho Didake haikilegezi hata kidogo ni kwamba anayebatizwa afundishwe kwanza na afunge siku moja au mbili. Hapo ndipo sisi tumelegea. Najua parokia na sharika ambako mafundisho ya ubatizo ya mtu mzima, au ya wazazi na wasimamizi wa mtoto, yamekuwa kikao kimoja cha Jumamosi na karatasi ya kujaza majina.

Kwa wachungaji na makatekista ningeomba kimoja: kabla ya kufungua Mathayo 3, fungueni Mambo ya Walawi 15, 2 Wafalme 5 na Ezekieli 36, darasa lione Yohana alisimama juu ya nini. Na wewe unayejiandalia safari, zungumza na kiongozi wa msafara wako mapema, ratiba ikiwa bado ya karatasi. Mwombe aache saa nzima upande wa kusini wa Mlima wa Hekalu, na muende huko kabla ya Yordani. Vaa viatu vya soli ngumu. Ngazi za mabirika zina utelezi, hasa Februari.